Na mimi niliomba

Bwana asifiwe. Hii posti nimeiandika na kuifuta tangu mwaka jana, kila nikifika katikati naona kama naongea maneno ya mtu mwingine, leo nimeamua iende tu vile ilivyo.

Wengi wenu mnajua habari ya mdogo wangu na bahari, kwa ambao hamjui nitasema kwa ufupi. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusi umekaza, na mtu yeyote wa Malindi atakwambia mwezi wa saba vyombo vingi vinalala mchangani pale Shella na wavuvi wanashona nyavu, lakini unga umeisha na karo inadaiwa, kwa hivyo mdogo wangu na mwenzake wakaazima boti ndogo ya injini wakatoka saa kumi na moja jioni wakisema alfajiri watakuwa wamerudi. Watu wawili tu. Huyo mwenzake ni mtu wa kanisa letu, mkewe tunaimba naye kwaya, yeye sauti ya kwanza mimi ya pili. Alfajiri ikafika, saa tatu ikafika, saa sita, simu zote mbili hazipatikani.

Nyinyi mlio na watu baharini mnajua kungoja huko kulivyo, unatazama maji mpaka kila povu unaliona ni kichwa cha mtu. Jioni kanisa likakusanyika kwetu Kisumu Ndogo, pale uani, mikeka na viti vya plastiki vya kuazima, tukakesha. Mimi na yule dada tulipiga magoti bega kwa bega, tumeshikana mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, na tuliomba maneno yale yale, Bwana warudishe, Bwana warudishe, hakuna kati yetu aliyeomba zaidi ya mwenzake. Nataka mlikumbuke hilo. Bibi yangu alikuwa kwenye kona anaomba kwa Kigiriama, Mulungu, Mulungu, hakuwa na neno jingine usiku kucha. Majirani zetu Waislamu wakaleta chai na mahamri, wakatwambia nasi tunawaombea dua. Na kulikuwa na nahodha mmoja mzee wa Kibajuni, huyo sitamsahau maisha yangu, kulipokucha akateremsha boti yake na mafuta yake bila kudai hata shilingi akaelekea kaskazini, kwa sababu alisema kusi na mkondo zikikuchukua hapa hazikupeleki Watamu, zinakupeleka Ngomeni.

Siku ya tatu ndo akampata. Ni upande ule wa Ngomeni, kwenye yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyokuwa yakirushia setilaiti zamani, boti imepinduka, mdogo wangu amejifunga mkono kwa kamba, midomo imepasuka kwa chumvi, lakini hai. Mwenzake alikuwa ameachia usiku wa pili. Mdogo wangu anasema alikuwa akiimba, halafu akanyamaza. Mpaka leo mwili haujaonekana.

Jumapili ya pili baada ya hapo nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Mungu ni mwema! Kila wakati! Na kila wakati? Mungu ni mwema! Nikasema wapendwa, nimesimama kuwaambia Mungu anajibu maombi, tulimlilia kwa imani naye akasikia, hakuna aliyemwita kwa moyo wote akaaibika. Vigelegele, kinanda, akina mama wakatoka mbele kucheza na mimi. Yule dada alikuwa benchi la nne, amejifunga leso nyeusi kichwani. Ningependa kusema sikumwona, ila nilimwona, macho yangu yalipita juu yake kama mtu anavyopita karibu na mlango uliofungwa.

Baada ya ibada nikamkuta nje bombani ananawa uso. Hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo. Akaniambia, "Dada, na mimi niliomba."

Akajifuta na ile leso akaenda barabarani kutafuta tuktuk.

Sasa jamani, tangu siku hiyo ndo nimeanza kufikiria kuhusu maombi, na mimi ni mtu nimezaliwa kanisani, nimeomba tangu sijajua kusoma. Niligundua nilikuwa na picha moja kichwani ambayo sikuwahi kuiangalia vizuri, yaani kwamba Mungu yuko na majibu, na imani ndo unayolipia, ukilipa kamili unapewa. Kwenye ushuhuda wangu hilo ndo nililosema hasa. Nilisema mbele ya mjane kwamba mimi nililipa na yeye hakulipa. Sikutamka hivyo, lakini masikio yake yalisikia hivyo, na alisikia sawasawa.

Na hakuwa mimi peke yangu. Mtu mmoja wa maombi alimwendea nyumbani akamwuliza kama labda kulikuwa na dhambi iliyofungua mlango kwa adui. Mwingine akamtumia meseji apande mbegu, sadaka kwa simu, ili laana ya bahari ikatwe isije kwa watoto. Mjane wa wiki tatu! Mimi huwa si mtu wa kugombana lakini hapo niseme wazi, hayo ni maovu, na tuliyaacha yakue kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunasema yale yale kwa maneno matamu. Halafu tunaishi hapa, hapa hapa kaunti ya Kilifi. Mwaka 2023 tuliona msitu wa Shakahola ukifukuliwa, miili zaidi ya 400, watu waliofundishwa kujinyima chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na watoto wao pamoja nao. Walikuwa watu wa kuomba. Walikuwa wanafunga. Baada ya hapo mtu wa pwani hawezi tena kusema eti maombi ni maombi tu, bora uombe kwa bidii. Inategemea unamwomba nani na unamdhania ni wa namna gani.

Bwana Yesu mwenyewe alipofundisha alianza na hapo, Baba yetu. Kwenye Luka 11 anauliza, ni baba yupi kati yenu ambaye mtoto wake akimwomba samaki atampa nyoka badala ya samaki. Nimekulia kwenye nyumba ya samaki, sikuhitaji kufafanuliwa. Baba anaporudi na kapu tupu mtoto analala na uji, lakini hajawahi kulala akidhani babake alikuwa na samaki akamnyima kwa sababu hakumwomba kwa sauti ya kutosha. Na sala yenyewe ni fupi mno, jina lako, ufalme wako, mapenzi yako, halafu ndo riziki ya leo, ya leo tu, halafu msamaha. Hakuna pa kuamuru hapo, ni pa kuomba. Skuizi tumezoea "naamuru, natangaza, napokea", na mwisho tunagonga muhuri "katika jina la Yesu" kama vile ni nambari ya siri ya simu, ukiiweka pesa inatoka. Nikajiuliza kwani kuomba kwa jina la mtu ni nini? Mzee akinituma dukani kwa jina lake siwezi kununua vitu ambavyo yeye hangenunua. Kuomba kwa jina la Yesu ni kuomba kile ambacho Yesu angekitia sahihi yake, na sisi tunaingia kwa Baba kwa sababu yake, hatuingii kwa bidii ya magoti yetu. Na hata tukiwa hatujui la kusema, Warumi 8 inasema Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Nikamkumbuka bibi pale kwenye kona, Mulungu, Mulungu. Kumbe aliomba kutuzidi sote.

Lakini bado swali la bombani halijajibiwa. Yeye pia aliomba kwa jina hilo hilo.

Nikawa nasoma usiku, na kitu kilichonishika ni Matendo ya Mitume mlango wa 12. Sisi wote tunaijua hiyo hadithi, Petro gerezani kwa Herode, amelala katikati ya askari wawili na minyororo, kanisa linamwombea usiku, malaika anakuja, minyororo inaanguka, Petro anakwenda kugonga mlango na yule binti Roda kwa furaha anasahau hata kufungua. Na wale waliokuwa wakiomba wanamwambia Roda una wazimu! Wanaomba Petro atoke, Petro yuko mlangoni, wao hawaamini. Kwa hivyo hata hapo si imani kubwa iliyomtoa. Hilo nilikuwa nimeshalisikia kwenye mahubiri. Nilichokuwa sijawahi kukisikia ni mstari wa pili wa mlango huo huo, kwamba Herode alimwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Mstari mmoja tu, umepita. Kanisa lile lile, Herode yule yule, na siwezi kuamini kwamba Yakobo hakuombewa. Tena wote wawili walikuwa wavuvi! Yakobo na ndugu yake na Petro walikuwa wakivua pamoja Galilaya, Luka 5 inasema walishirikiana. Wavuvi wawili wa kazi moja, mmoja akarudi mlangoni na mwingine hakurudi. Na Biblia haisemi kwa nini. Haisemi Yakobo alikosea wapi. Luka, aliyekiandika kitabu hicho, angeweza kuandika hata neno moja la kufariji, hakuandika.

Na mama yake Yakobo je? Ni yule aliyemwendea Yesu kumwombea wanawe wakae mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme, Yesu akawajibu hamjui mnaloliomba, akawauliza kama wataweza kukinywea kikombe atakachokinywea yeye. Wakasema twaweza. Huwa nafikiria kama huyo mama alikuwa bado hai siku ya upanga, na kama alikuwa kwenye ile nyumba Roda aliposahau kufungua mlango, na alipiga vigelegele vipi.

Nikamsomea yule dada. Hapo nimeruka, ilinichukua mwezi mzima kwenda kwake, na siku ya kwanza nilimwomba msamaha na hakusema amenisamehe, alisema tu "kaa, chai iko". Tukazoea Alhamisi jioni. Mimi nikidhani nimepata dawa nikamletea pia habari za Monika, mama wa mtakatifu Augustino. Huyu mama wa Afrika Kaskazini aliomba miaka mingi mwanawe aokoke, na mwaka 383 kijana akataka kusafiri kwenda Roma, mama hataki, amemshika nguo, kijana akamdanganya kuwa anamsindikiza rafiki tu mpaka upepo uje. Mama akaenda kulala usiku ule kwenye kanisa dogo karibu na bandari ya Karthago, analia na kuomba Mungu asimruhusu asafiri. Usiku upepo ukaja, tanga likajaa, asubuhi mama anafika ufukweni chombo kimeshapotea machoni. Ombi lilikataliwa kabisa. Lakini safari hiyo ndo iliyomfikisha Milano akamsikiliza askofu Ambrosi, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa, mama yake akiwepo. Augustino mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mamake alichokuwa akiomba saa ile ili ampe alichokuwa akiomba siku zote. Mimi nilivyoisoma nililia, nikaona hii ndiyo.

Dada akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Lakini huyo mwanawe alimpata."

Sikuwa na la kusema. Ni kweli. Habari ya Monika ni ya kweli na inanisaidia kwa mambo yangu mengi, kazi nilizonyimwa, mchumba aliyeniacha, huko naona kabisa mkono wa Mungu ulionipita hapa ukanipeleka pale. Ila si kila "hapana" ina "ndiyo" nyuma yake unayoweza kuiona kwa macho haya, na mtu aliyefiwa usimlazimishe aione. Daudi alifunga siku saba mtoto wake akiwa mgonjwa, amelala chini, mtoto akafa, na Daudi akainuka akaoga akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, jibu likawa neema yangu yakutosha, mwiba ukabaki. Na Martha alimwambia Yesu usoni, Bwana, kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, na Yesu hakumkemea. Kabla ya kumfufua Lazaro alisimama akalia. Mimi nilipita mbele ya mjane nikicheza.

Tulichokuwa tukisoma sana ni Zaburi ya 13, Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Alikuwa anashangaa kwamba inaruhusiwa. Alidhani akisema hivyo ni kukufuru, kumbe imo ndani ya kitabu cha sala, iliimbwa hekaluni. Wiki kadhaa hiyo ndo ilikuwa sala yetu yote, tunaisoma, tunanyamaza, tunafunga daftari.

Halafu siku moja tukafika Gethsemane, uniondolee kikombe hiki, na nikawa naenda haraka kwenye "mapenzi yako yatendeke" kama tunavyofanya siku zote, akanisimamisha. Akasema ngoja, kwa hivyo yeye pia aliomba na akakataliwa? Tukatafuta, tukafika Waebrania 5:7, panasema Yesu alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi kwa yule awezaye kumwokoa na kumtoa katika mauti, akasikilizwa. Tukasoma tena. Akasikilizwa. Na kesho yake akasulubiwa. Sasa alisikilizwa vipi? Tulikaa na hilo neno mpaka taa za barabarani zikawaka. Kusikilizwa kumbe si lazima uokolewe usife, kwa Yesu jibu lilikuja upande wa pili wa kaburi, siku ya tatu, na lilikuja kubwa kuliko kikombe kuondolewa. Kama Baba alimsikiliza Mwana na bado Mwana akafa, basi mtu aliyekufa baharini akiimba hatuwezi kusema hakusikilizwa. Hapa nasimama mimi sasa. Sijui sababu ya Mungu kwa ile usiku ya pili na nimeacha kumtungia sababu, lakini najua kwamba anayesikia maombi yetu ni mtu aliyewahi kuomba akiwa amelala kifudifudi na jasho linamtoka kama matone ya damu, na hakupewa alichoomba.

Kuna kile kikanisa cha kale cha Wareno pale mjini karibu na bahari, kimeezekwa makuti, na makaburi uani. Wanasema mtakatifu Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India na akamzika hapa mtu wa merikebu yake aliyefia safarini. Tulikuwa tunapita njia hiyo, yule dada akasimama, akatazama ukuta, akasema huyo alipata bahati, ana mahali pa kulala. Hilo ndo lilikuwa linamuuma kuliko yote, na mimi miezi yote sikujua. Hakuna kaburi la kupalilia, hakuna pa kupeleka watoto Pasaka. Nikatafuta mstari kichwani, sikupata, na kwa mara ya kwanza nikanyamaza kwa sababu sikuwa na kitu.

Alhamisi iliyofuata yeye ndo alikuwa ameupata. Alikuwa ameweka tiketi ya matatu kwenye Ufunuo mlango wa 20, akanisomea mwenyewe kwa kidole, bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Akasema, "Kumbe imeandikwa na bahari pia." Nilikuwa nimeusoma huo mlango miaka yote, nikiogopa moto na kile kitabu, na sikuwahi kuiona bahari.

Ushuhuda bado natoa. Watu wengine baada ya jambo kama hili hunyamaza kabisa, mimi naona hapana, mdogo wangu alirudi na ni Mungu aliyemrudisha, kwa mkono wa mzee Mbajuni aliyechoma mafuta yake, na nisiposhukuru nitakuwa mwizi. Ila sasa kabla sijasimama naangalia mabenchi kwanza. Na nikisimama nawataja wote wawili, wa kurudi na wa kutorudi, kwamba tuliwaombea sote usiku mmoja maneno mamoja. Kinanda hukosa pa kuingilia. Sawa tu.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Kijana wake wa kwanza amemaliza shule, hakuna kazi, na amemwambia mamake anataka kwenda kuvua na yule nahodha mzee, chombo kikubwa, nahodha anayejua, kaskazi imeingia na bahari imetulia. Mama amelia wiki mbili, halafu amekubali, maana watakula nini. Jana ndo ilikuwa siku yake ya kwanza. Mchana akanipigia simu niende. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma anaparua samaki wa jirani, magamba mpaka viwikoni, akasema niombee. Nikapiga magoti kwenye simenti pale pale, nikafungua mdomo, nikaanza "Bwana, tunajua mapenzi yako..." akanigusa bega na mkono ule wa magamba.

"Leo omba arudi," akasema. "Usiongeze kitu."

Nikaomba arudi.

Kisha akanipa kisu cha pili, tukaparua, maana walikuwa wengi na jua lilikuwa kali.